Ishirini kwa Ishirini

Malindi, Jumatano, 1988

Mawingu tangu asubuhi, na mvua haitaki kunyesha wala kwenda zake. Mwili mzito. Moyo sijui.

Leo fundi alikuja kuigawa kompyuta yetu. Naandika mapema, kabla sijaanza kuyapamba mambo.

Mume wetu ni mtu wa haki. Nasema hivi bila kejeli, au kwa kejeli kidogo tu. Akininunulia mimi doti ya kanga, Saumu, mke mwenzangu, hupata doti hiyohiyo, rangi ileile na maneno yaleyale. Samaki huwapima kwa mizani kabla ya kuwapeleka nyumba mbili. Zamu zake hazijapata kupotoka. Majirani humtolea mfano.

Kompyuta ndiyo iliyomshinda. Aliinunua kuukuu kutoka hoteli moja ya Bofa ili sisi wawili tufungue kiduka cha kupiga chapa, na za kununua mbili hakuziweza. Kwa hiyo tunaitumia pamoja, mimi asubuhi, Saumu baada ya adhuhuri. Menyu za watalii, kadi za harusi, mitihani ya shule za Magarini, yote yamo humo yamechanganyika. Mara nyingi kazi naianza mimi naye anaimaliza, na mteja hajui nani kaandika nini.

Hilo likamkera bwana. Fundi alikuwa amemwambia kwamba diski iliyo ndani ya mashine ina megabaiti arobaini, na kwamba yaweza kukatwa vipande, kila kipande kikawa kama diski mbali. Akaja na hukumu: ishirini kwa ishirini.

Nikasema, "Sawa." Saumu naye, nyumbani kwake, akasema, "Sawa." Huku kwetu mke mwenye adabu haongezi neno hapo. Kila mmoja akaamini kuwa mwenzake ndiye aliyeomba.

Niseme kweli. Saumu alipoolewa, ningejengewa ukuta wa mawe kati yangu na yeye, chokaa ningeipaka mwenyewe. Lakini wiki hii nimekuwa nikiitazama ile mashine kama mtu anayehamishwa. Tuna nyumba mbili na majiko mawili. Hata mume tunaye kwa zamu. Pale dukani tu ndipo pasipo na changu na chake.

Sikutaka pagawanywe.

Kumwambia Saumu nikashindwa. Je, kama yeye ndiye aliyechoka nami?

Fundi Mutua, mtu wa bara anayekaa Mombasa, alifika wakati Saumu keshakuja, mapema kuliko desturi yake. "Shikamoo dada," akaniamkia Saumu. "Marahaba." Fundi akaeleza. Mashine haikubali kipande kinachozidi megabaiti thelathini na mbili, kwa hiyo kazi zetu zote zimo katika kipande kimoja cha ukubwa huo. Nane zilizobaki zimekaa bure, hazijapata kuguswa. Ili tupate ishirini kwa ishirini, lazima kile kipande cha kwanza kivunjwe.

"Na nikivunja, kila kitu itapotea," akasema. "Mtarudisha kutoka kwa hizi diski ndogo mlizonakili, kila mtu yake. Sasa, nani anachukua ya kwanza?"

"Achukue dada," akasema Saumu.

"La, atangulie yeye. Mimi chochote chanitosha."

"Haiwi. Dada ndiye mkubwa."

Tulikwenda hivyo mpaka chai ya fundi ikapoa. Mwishowe akauliza kadi ya bi harusi wa Mambrui, aliyoiona kwenye kioo, aiweke katika kipande cha nani. Kichwa nilikipiga mimi, majina ya wazee kayapiga Saumu, na kadi yenyewe haijamalizika. Kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya herufi ya kukubali, na mimi nilikitazama kile kidole tu.

Saumu ndiye aliyesema, akimtazama fundi wala si mimi.

"Na hizo nane zilizokaa bure, zaweza kutumika bila kuvunja kitu?"

"Hiyo ni rahisi."

"Basi hizo mpe bwana. Huku kwengine kuache kulivyo."

Hapo ndipo nilipojua kuwa naye hakuomba. Nilicheka hadi nikafuta macho kwa ncha ya kanga, na Saumu akafuta yake kwa kanga aliyopewa yeye, rangi ileile na maneno yaleyale.

Bwana alikuja baada ya alasiri. Tukamwonyesha pahali pake katika mashine, penye herufi yake ya diski na jina lake juu. Alifurahi kama mtoto wa Idi. Kisha akakumbuka haki, akauliza ishirini zangu ni zipi na za Saumu ni zipi.

"Pako ni hapo," Saumu akamjibu, kwa adabu zote.

Akakaa, akaandika jina lake, akalitazama. Hakujua la kufanya tena, akaondoka kwenda msikitini.

Leo ni zamu ya Saumu, na kwangu kimya. Sijui kama nampenda. Neno lenyewe naliona geni kumwambia mke mwenza. Lakini nilipokuwa nafunga duka niliifungua ile kadi kuona amefika wapi.

Ameniachia katikati ya sentensi. Makusudi, nadhani.