Kamba Shingoni mwa Madoa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Wewe Waisiko, ulipotelea wapi? Wiki tatu daftari limelala chini ya godoro! Elieth, mjukuu wako, alihangaika kukufundisha herufi uzeeni, halafu unazitupa. Aibu. Kaa uandike.

Ni hasira. Madoa amekufa, ng'ombe wangu pekee wa maziwa. Lilian, mke wa mjukuu wangu, alijifungua. Nikataka damu kidogo ya kumchanganyia na maziwa, kama tulivyofanyiwa sisi. Nikamwita Nyangwine, mdogo wa marehemu mume wangu. Akafunga kamba shingoni, mshipa ukasimama, akapiga mshale. Kibuyu kikajaa. Simu ikalia! Akaenda kupiga soga nyuma ya zizi, kamba kaiacha imekaza. Mimi nampa Lilian uji. Natoka — damu inamwagika tu, Madoa kapiga magoti.

Sasa anatangaza eti ni kimeta, ugonjwa wa kuambukiza. Tukamzika na nyama yake yote. Hakuna jirani anayekuja kumwona mtoto, wanaogopa ugonjwa. Nikisema kamba ndiyo imemuua, anacheka: kamba ni ya kumshika ng'ombe asiruke, haina habari na damu. Wazee wakamwamini. Atanitambua.

Jumatano, 11 Juni

Zahanati, mambo ya presha. Nesi Judith kanitoa damu. Kafunga mpira juu ya kiwiko, mshipa ukavimba. Kajaza kichupa, kisha — kafungua mpira KABLA ya kuchomoa sindano! Nikamuuliza kwa nini.

Bibi, anasema, damu ilikuwa inarudi kwenye moyo, mpira umeiziba njia. Imerundikana, inasukuma. Nikichomoa mpira ukiwa umekaza, itafoka hapohapo.

Nilimkumbatia na sindano yake! Nikamweleza yote, na ninachotaka kumfanyia Nyangwine. Bibi, wewe mbaya, anasema! Sana, mwanangu, nikamjibu. Jumamosi hana zamu. Atakuja.

Ijumaa, 13 Juni

Mzee Magige, mkuu wa ukoo, kakubali kuita wazee uani kwangu kesho. Nyangwine kapita njiani: shemeji, bado unalilia mzoga? Nikamwambia kesho aoge vizuri, hasa mkono wa kushoto. Katoa macho tu.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika hapahapa uani, kwa raha.

Nyangwine karudia mbele ya wote: kamba haina habari na damu. Nikasema, basi Judith akupime damu, wewe si fundi wa damu? Mimi na damu tumezoeana, anasema, kakunja shati. Mpira ukafungwa. Mshipa ukatoka kama mnyoo. Sindano ikaingia, kichupa kikajaa.

Nikasema: Judith, chomoa. Mpira uache, si wa kumshika asiruke?

Judith kashika sindano. Nyangwine karuka kama kachomwa moto: "We nesi! Fungua kwanza! Fungua mpira kwanza!"

Wazee wote wakamgeukia. 

Mzee Magige kamuuliza taratibu, kama anamwita kijana wake: "Mura, kwa nini afungue kwanza?"

Nyangwine kageukia zizi la Madoa. Judith alifungua, ana roho nzuri. Mimi ningemwacha avuje kidogo, aone Madoa alivyoona.

Wazee wamesogea kando ya zizi, wananong'ona. Nyangwine kabana pamba kwenye mkono, ananiangalia kama mtoto. Ananiita shemeji, shemeji, tuyamalize. Naendelea kuandika. Wanawake wawili wa jirani wamepita kwenda ndani kwa Lilian kumwona mtoto. Mmoja kabeba kanga mpya.

Waisiko, ukifungua tena daftari hili, usianze na habari za kusamehe. Andika kwanza rangi ya mtamba ambaye Nyangwine atamleta kumlipa Madoa.