Sungura wa Mradi

Jumanne, 9 Machi 1976
Mvua tangu alfajiri. Zamu ni yangu wiki hii, kwa hiyo nilifika shule kabla ya kengele, viatu mkononi. Nikakagua vyoo, nikakagua bustani ya mchicha, nikaenda kuona kama darasa la tano wamelisha sungura. Siafu. Banda zima jeusi. Sungura wote wa mradi wamekufa, isipokuwa jike mmoja wa kijivu aliyepanda juu ya debe la maji. Siafu walikuwa wamemng'ang'ania masikioni. Nimewang'oa mmoja mmoja kwa kucha, nao wakanila mimi. Nimelia mbele ya wanafunzi, potelea mbali.

Mwalimu Mkuu kasema nikae na huyo jike nyumbani mpaka banda jipya likamilike, halafu arudi. Sawa. Ni wa shule, si wangu. Naandika hapa nisije nikajisahau.

Jumatano, 10 Machi
Mama hakushangaa. Alipohamia kwangu hapa Ipogolo kutoka Mbalizi alikuja na simbilisi wake kwenye kikapu, na sasa wamejaa jikoni. Wanazunguka mafiga, wanakula maganda ya viazi, wanapiga miluzi kama wenye nyumba. Kwetu kila jiko lina simbilisi. Kwa Mama, kinyama chochote chenye manyoya na kinachokula majani mahali pake ni jikoni, karibu na moto. Nami nikakubali bila kufikiri.

Sungura kajificha nyuma ya mtungi. Hajala.

Ijumaa, 12 Machi
Hajala. Macho yanatoa machozi, pua inatiririka. Mama anasema ni sumu ya siafu, tena na baridi. Kaongeza kuni.

Jumapili, 14 Machi
Ibada nzima sikusikia kitu. Mchungaji anahubiri, mimi namwona sungura. Nimemkasirikia. Unamkatia mtu majani mvuani, yeye anakugeuzia mgongo!

Jumatatu, 15 Machi
Anapumua kwa shida. Akifa sijui nitawaambia nini shuleni.
Hapana, huo ni uongo. Shule itanunua wengine. Mimi ndiye nitakayeumia.

Jumanne, 16 Machi
Kuni mbichi leo. Moshi ulikuwa mzito, nikakimbilia mlangoni kupumua, na huko chini nikamkuta sungura. Kaipachika pua kwenye upenyo wa mlango, anavuta hewa ya nje.

Jamani. Simbilisi wa Mama wamezaliwa kwenye moshi, na wazazi wao vilevile. Huyu kazaliwa kwenye banda la waya, upepo kila upande. Tumekuwa tunamkausha kama samaki, halafu tunashangaa anaugua.

Nimemhamishia chumbani kwangu, dirisha wazi. Mama kapiga kelele: "Mwe! Mnyama chumba cha kulala? Watu watasema nini?"
Waseme.

Alhamisi, 18 Machi
Macho yamekauka. Kula bado. Jioni Mama kaingia kanuna, mkononi kashika simbilisi mmoja, yule mnene. Kamweka sakafuni kando ya sungura. "Huyu amfundishe kula," kasema, akatoka zake. Simbilisi kashambulia majani bila hata kusalimia. Sungura kamwangalia, kamwangalia. Kisha kavuta jani moja.

Nimepiga ukelele. Mama karudi mbio na mwiko, kadhani nyoka. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 24 Machi
Banda jipya limekamilika. Nilijiandaa kumrudisha, kwa shingo upande. Lakini kuna jambo baya zaidi. Wageni wa wilayani wanakuja kesho kutwa jioni, na shule haina kitoweo. Sungura mmoja si mradi, kasema Mwalimu Mkuu. Aletwe Ijumaa mchana, achinjwe.

Nikasema nimemuuguza mwenyewe.
"Mwalimu Atu, umemuuguza kwa niaba ya shule, na shule inakushukuru."
Ana haki. Hapo ndipo panaponiuma. Kama angekuwa mwonevu ningempigia kelele.

Alhamisi, 25 Machi
Nimefundisha hesabu hovyo. Nimemfokea mtoto asiye na kosa, kisha nikamwomba radhi, darasa likabaki midomo wazi. Jioni nimemweleza Mama yote. Kaendelea kusonga ugali.

Ijumaa, 26 Machi
Sikumpeleka asubuhi. Nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari, nikisubiri mchana ufike, Mama akaingia. Kitenge cha kanisani. Kwapani jogoo wake mkubwa, yule aliyemtunza kwa ajili ya Pasaka.

Mwalimu Mkuu kasimama. "Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kuku wako, uwapikie wageni. Yule wa nyumbani ni wangu, usihangaike naye."

Kapiga goti kidogo, kamkabidhi jogoo kwa mikono miwili. Nani hapa Iringa atamkatalia mama wa umri ule kuku mzima aliyemleta mwenyewe kwa miguu? Ni kumtukana mbele za watu. Mwalimu Mkuu kaniangalia. Mimi nikaangalia ramani ukutani.
"Asante sana, mama," kasema. Jogoo kamnyea shati.

Njiani nilitaka kumshukuru Mama. Kaniambia nikaze mwendo, mvua inakuja.

Jumapili, 4 Aprili
Jua leo. Tumerudi kutoka kanisani, tumeacha mlango wazi. Mama alikaa barazani na ungo, anachambua mchele wa Chimala, sungura karibu yake. Mimi niko ndani nabadili nguo. Mara kaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Sungura kaanguka ubavu. Miguu imenyooka, macho kayafumba, hatikisiki. Tangu aje nyumbani hajawahi kujilaza. Siku zote hujikunja, miguu chini ya tumbo, tayari kukimbia. Mama alikuwa ameshaanza kulia. Nikapiga magoti, nikamwekea mkono ubavuni. Joto. Ubavu ukapanda, ukashuka. Akafumbua jicho moja, akaona ni sisi, akalifumba.

Mama akafuta uso kwa ncha ya khanga. Kisha akaendelea kuchambua mchele, polepole, asimwamshe.