Mchicha wa Seleman Chini ya Ukuta

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie mwenzio, maana mimi ninavyojulikana kwa kuongea hapa Dodoma mjini, safari hii nimenyamaza. Nashona nguo kwenye baraza la duka la zamani karibu na soko, lile la Bi Mgeni, mzee anayeishi humo ndani, alilojenga babu yake akiuza chumvi na kaniki kwa watu wa misafara, kuta nene za tofali za udongo, mlango wa nakshi, basi wakaja watu wa mambo ya kale wakapima wakasema hii ni historia, lisivunjwe, na Seleman, huyo Baba Rahimu, mtoto wa kaka yake Bi Mgeni, alishapata mtu wa kujenga ghorofa, akanuna hata chai hakunywa. Wiki ileile akapanda mchicha nyuma, chini ya ukuta kabisa, anamwagilia na mpira asubuhi na jioni, watu wanamsifu, na mimi mchicha wenyewe nimeula, mtamu! Siku moja namtania, "Baba Rahimu, unamwagilia mboga au ukuta?" Akacheka, "Mama Aneth, likianguka lenyewe nani ana kesi? Funga huo mdomo, ghorofa likisimama fremu ya duka ya mbele ni yako." Nikacheka na mimi. Sasa ukuta umetoa tumbo, na kitanda cha Bi Mgeni kiko upande wa ndani hapohapo, macho yake hayaoni vizuri, nikimwamkia anasema, "Marahaba mwanangu, siku hizi nalala vizuri, ukuta umepoa." Nikisema nakosa fremu na naitwa mmbea, nisiposema ndiyo hivyo, nifanyeje?

Mama Aneth, Dodoma

Mama Aneth, pole, lakini umenikasirisha. Ndoa za watu unazitangaza bure, uhai wa mtu ndio umeona wa kuuza? Na hiyo fremu utaifungua juu ya nani?

Jengo baadaye. Kwanza ingia ndani, mshike Bi Mgeni mkono, mtoe nje kabisa, hata akikufukuza. Usisogeze kitanda tu. Halafu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, sema maneno ya Seleman kama alivyoyasema, kwa sauti yako ileile ya barazani. Wale wa mambo ya kale waitwe waone huo mchicha kabla haujang'olewa. Ukuta ukiegemezwa magogo mapema huenda ukapona. Ukiitwa mmbea, itika.

Barua yako nimeisoma leo, gazeti linatoka Jumamosi, sikungoja. Nimepiga namba uliyoandika, inaita, haipokelewi. Nimepiga tena. Kama unasoma hapa na bado umekaa kwenye cherehani, inuka.