Mishono Iliyolalia Kushoto

Tarehe 3 Mei

Kwa mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila vumbi la nguo kuukuu za hapa dukani linaniwasha macho.

Nina kazi yako. Juzi mteja mmoja, mzee mpole wa miwani, alileta skafu ya hariri ya kijani. Anataka tumwambie nani aliishona na lini. Lebo imekatwa, na pembeni kuna alama ndogo ya kuungua kwa pasi. Bosi kashindwa, akanitupia mimi. Pindo limeviringwa kwa mkono, mishono imelalia kushoto, kila pembe ina mafundo matatu. Nusura niape ni wewe! Pembe moja ilikuwa imefumuka, nikaishona ulivyonifundisha. Kiwanda gani cha zamani kilishona hivi? Na ununue simu basi, tuachane na stempu.

Mwanao, Kiherehere

Tarehe 9 Mei

Mama,

Shikamoo. Jibu lako halijafika lakini siwezi kukaa kimya. Yule mzee karudi. Aliipapasa ile pembe niliyoishona, kisha akauliza nani kanifundisha. Nikajibu kwa maringo, "Mama yangu, anashonea kushoto kama mimi!" Machozi yakamlengalenga. Anasema amemtafuta fundi huyo miaka mingi ampe shukrani. Nimemwandikia anwani yako. Mkaribishe vizuri, usiniumbue.

Mwanao, Kiherehere

Tarehe 10 Mei

Kiherehere wangu,

Marahaba. Ya goti tuyaache. Barua yako ya tarehe tatu imefika asubuhi hii na mkono unanitetemeka, nisamehe mwandiko.

Skafu hiyo niliishona mimi, miaka thelathini na moja iliyopita, nilipoanza kazi kiwandani. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, mimi pekee nikishonea kushoto. Niliishona niivae mwenyewe. Huyo mzee wako mpole niliishi naye miaka miwili, kabla sijamjua marehemu baba yako. Lile kovu la mkononi, nilikuambia pasi iliteleza. Haikuteleza. Aliubana mkono wangu mezani, juu ya skafu hiyo, akashusha pasi. Nilitoroka kesho yake. Ndiyo maana sina simu wala sipigi picha.

Mrudishie. Sema hujui fundi wala mwaka. Kama hajaiona ile pembe, ifumue, maana mshono wako ni mshono wangu, ataujua tu. Anwani yangu usimpe mtu. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

Tarehe 17 Mei

Mama,

Barua zetu zimepishana. Nimekwisha kumpa. Mimi na mdomo wangu!

Nimempigia jirani yako, fundi viatu. Anasema jana ulipokea barua ukaisoma umesimama mlangoni. Leo mlango una kufuli, nguo zako ziko kambani, na asubuhi alikuja mzee wa miwani akikuulizia kwa upole. Polisi wameandika kwenye daftari lao, basi. Silali, sili. Nijibu, mama, hata neno moja.

Mwanao

Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo, popote ulipo. Barua hii sina pa kuituma, naiweka kwenye droo.

Leo imekuja bahasha dukani, haina barua wala jina la mtumaji. Ndani mna kipande cha kitambaa cheupe, ukubwa wa kiganja, kimepindwa pande zote. Niliogopa kukigusa, kwa sababu yule mzee naye analijua duka hili. Mwishowe nikakipeleka dirishani, nikakikagua kama kazi ya mteja.

Umri wake ni siku chache. Uzi ni mpya, haujaonja maji. Pindo limeviringwa kwa mkono, kila pembe ina mafundo matatu, mishono imelalia kushoto. Niliipitia mmoja mmoja, mara mbili. Yote imekaa sawasawa. Hakuna hata mmoja uliotetemeka.

Nimelia mbele ya bosi, bila aibu. Kisha nikachukua sindano, na tangu leo najifunza kushonea kulia.

Mwanao