Bibi wa Mikono Sita

Shoga, uko? Nimeaibika leo, sijui nicheke au nijifiche.

Unamjua mjukuu wangu, yule mchoraji wa kompyuta. Leo bosi alikuwa anaamua kama atamwajiri au basi tena. Mimi nikaingia chumbani kumpelekea chai. Naangalia kwenye skrini, namwona mwanamke ana mikono sita. SITA! Na sura ni yangu!

Nikapiga kelele: "We mtoto, umenigeuza buibui?"

Kumbe bosi yuko hewani kwa video, ananiona. Na meno yangu nimeyaacha kwenye glasi! Shoga, kwenye glasi!

Mjukuu ananong'ona, "Bibi, toka, utaniharibia." Bosi akasema, "Mwache. Bibi, picha ina kasoro gani?"

Mdomo wangu unaujua. Nikasema, "Kitendawili!" Mtu mzima na tai yake akaitika, "Tega!"

"Nina mikono sita, na mgongo bado unaniwasha."

Akashindwa, ikabidi anipe mji. Nikamwambia jibu ni bibi. Huu umeshika sufuria, huu ufagio, huu mtoto, yote sita iko kwenye kazi za watu. Wa kujikuna uko wapi?

Mjukuu kafumba macho, mimi natafuta mlango.

"Mwongeze wa saba," bosi akasema, "halafu Jumatatu uanze kazi."

Mjukuu kanirukia, kanibusu, kalia. Kisha, bila haya: "Bibi, chai imepoa, niletee nyingine."

Nikamwambia amtume huyo wa kwenye skrini.