Mpaka Uliopita Jikoni

Mji mkuu wa Vermont, 14 Oktoba 1809

Kwa Dada Ketura,

Natumaini u mzima na goti limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila aibu. Wajumbe wenzangu wameniuliza nilichaguliwaje, nikawaambia ukweli: siku ya mkutano wa mji, Ashbrook nzima ilikuwepo isipokuwa mimi, niliyekuwa zizini nikimzalisha ng'ombe, na waliokuwepo hakuna aliyeitaka kazi. Wamedhani natania.

Bungeni bado sijafungua mdomo. Nikitaka kusimama, magoti yanagoma. Fundi mapipa nimezoea kuongea na mbao, dada. Jana ukumbi ulikuwa na joto, mzee mmoja akasoma muswada usiokwisha, nikasinzia. Nikashtushwa na "Wanaokubali?" nikapaza sauti kuliko wote: "Ndiyo!" Ukapita kwa kura moja. Wajumbe wa upande wa Pikefield, majirani zetu, wakaja kunishika mkono. Kumbe ni watu wema.

Ndugu yako,
Azaria


Ashbrook, 30 Oktoba 1809

Mdogo wangu Azaria,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri. Goti limepona, sasa kinachouma ni kichwa, na dawa yake ni kukukaba koo.

Watu wema! Alhamisi kaja mpima ardhi na minyororo yake ya kupimia, akapigilia kigingi chini ya dirisha la jikoni. Nikamuuliza, "Baba, unapanda nini hapo?"

"Mpaka, mama. Sheria mpya. Jiko lako liko Ashbrook, kitanda chako kiko Pikefield."

"Na mdogo wangu analala wapi?"

"Chumba kile? Pikefield."

"Sasa yeye ni mjumbe wa wapi?"

Akakuna kichwa. "Hapo, mama, mimi ni wa minyororo tu."

Umejipigia kura ukajihamisha, Azaria! Ashbrook wanacheka mpaka kanisani. Na hao Pikefield, waliotuzushia kwamba jibini letu lina nywele, ndio nalala kwao! Juzi kaja shemasi wao, Jotham Sprague, yule mjane mwenye sauti ya fahali, eti kumkaribisha mkazi mpya. Nikamketisha upande wa jikoni nikamwambia, "Shemasi, hapa uko ugenini, kaa kwa adabu." Amekaa saa tatu nzima.

Simama useme, mpaka urudi. Magoti yakigoma, yabebe.

Dada yako,
Ketura


Mji mkuu, 6 Novemba 1809

Dada mpendwa,

Shikamoo, na ukae chini kwanza. Nimesema!

Nilishika kiti cha mbele kwa mikono miwili nikaanza: "Waheshimiwa, nililala hapa ndani nikaamka mkazi wa mji mwingine." Walicheka mpaka spika akatoa leso. Nikaendelea: "Dada yangu anapika mji mmoja na kulala mwingine. Tulipofiwa na mama nilikuwa na miaka sita, ndiye aliyenilea. Hajawahi kuniomba kitu. Ameniomba hiki." Spika alipoita kura, hata mjumbe wa Pikefield alikubali.

Mpaka umerudi, dada. Lala kwa amani, kitanda chako kiko Ashbrook.

Ndugu yako,
Azaria


Ashbrook (na Pikefield), 6 Novemba 1809

Mdogo wangu,

Hujambo? Kama hujasimama bungeni, keti.

Shemasi amekuja mara nne wiki hii. Ametengeneza lango. Amekula jibini letu na kuomba tena. Anasema miaka minne amekuwa akiniangalia gulioni, akaogopa kuvuka kuja kwetu, maana vijana wa Ashbrook wangemrushia matofaa yaliyooza. Ni kweli, wangemrushia. Hata mimi ningemrushia.

Azaria, tangu marehemu mume wangu Seth aondoke ni miaka kumi na moja. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kinavyosikika. Jotham anataka ndoa yetu itangazwe kanisani kwao, nami sina haja ya kuona haya mbele ya watu: sikuhamia kwa adui, nilihamishwa kwa sheria. Uache huo mpaka ulipo. Nakusihi.

Dada yako,
Ketura


Mji mkuu, 10 Novemba 1809

Dada,

Sina hata salamu. Barua zetu zimepishana njiani. Nimekwenda kwa spika kumwomba nisimame tena. Akaniambia, "Bwana Azaria, ukilitaja tena jiko la dada yako humu ndani, nitajiuzulu." Nisamehe. Nimekuharibia.

Azaria


Pikefield, 20 Novemba 1809

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu sana, na Jotham anakusalimu. Futa machozi.

Mpima alikuja Alhamisi kung'oa vigingi. Nilimtazama mpaka alipomaliza, nikalia kidogo, kisha nikajiona mjinga. Miaka hamsini na moja ninayo, nangoja ruhusa ya minyororo! Nikafunga nguo zangu na godoro, nikapita barabara kuu ya Ashbrook mchana kweupe. Watu wakatoka milangoni. Mke wa mhunzi akaita, "Ketura! Godoro hilo unalipeleka wapi?"

"Pikefield."

"Nani kakulazimisha?"

"Hakuna."

Hakuna aliyerusha kitu. Mhunzi mwenyewe alivua kofia. Tangazo la kwanza la ndoa limesomwa jana kanisani, yamebaki mawili. Hotuba yako inasimuliwa huku na huko, na Ashbrook wanasema mwakani watakuchagua tena, hata ukiwepo mkutanoni.

Jotham alinisubiri darajani na mkokoteni, akataka kunipandisha. Nikamwambia abebe godoro tu. Mimi nilitaka kufika kwa miguu yangu.

Dada yako,
Ketura