Kamera Iliyowaona Waliocheka Tu

Mama Rosine, shikamoo. Naomba unishike mkono kupitia safu yako ya gazeti kabla ya Jumamosi, maana baada ya Jumamosi nahisi sitakuwa na kazi, na hilo ningelivumilia, lakini kuna mama mmoja asiye na kosa ambaye atakuwa amefungiwa virago vyake arudishwe kwao Ugalla, kisa ni alama ya kamera ambayo mimi sikuielewa.

Mimi ni kijana, karani wa chama cha wafuga nyuki hapa Mpanda, nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na nilifaulu vizuri, nasema hivyo si kwa kujisifu bali ujue kwamba haya yamempata mtu aliyesoma. Ofisini tuna kamera ndogo ya kidijitali, ya kuingia mfuko wa shati, mtunzaji wake ni mimi, na ilinunuliwa kwa sababu lenzi yake inavuta mara thelathini, yaani mtu anasimama mbali kabisa na kupiga picha ya mzinga bila nyuki kumpiga yeye. Ni kamera nzuri, Mama Rosine. Ukivuta kwa lenzi yenyewe unamwona nyuki mpaka manyoya ya mgongoni, ingawa ukizidisha ukaingia kwenye ile zoom ya kidijitali, hapo haivuti tena, inakuza tu, na nyuki anageuka vigae. Halafu ndani ina kitu kinachotuliza mtikisiko wa mkono, na kwa mtu kama mimi, ambaye mkono hutetemeka hata nikisikia bosi anakohoa, hicho ndicho kitu pekee pale ofisini kinachonituliza.

Sasa mama yake bosi alifariki huko Mwese. Bosi wangu, mzee Deusdedit, akaniita akasema, "Karani, utapiga picha za mazishi, tutengeneze albamu ya ukoo. Nataka kila aliyelia aonekane." Nikasema sawa mzee. Lakini mimi naogopa misiba, naogopa jeneza, naogopa hata ule mchanga wa kaburi unavyolundikwa pembeni kama unasubiri mtu mwingine, kwa hiyo nilipofika Mwese nilijibanza kwenye ua wa minyaa, mbali, nikawa navuta kutoka huko. Kwa heshima ya marehemu nilizima flashi, nikazima na mlio wa kamera ili isiwe inalia wakati katekista anaomba, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana kwenye kona ya kioo kulikuwa na kisura kidogo cha njano kinachotabasamu, na mimi nilidhani maana yake betri imeshiba.

Haikuwa betri. Siku chache kabla tulikuwa tunawapiga wanachama picha za vitambulisho, na mwenzangu wa mapokezi, Queen, alipoona wazee wa mizinga wananuna kama wamekamatwa, aliweka mpangilio wa tabasamu. Katika mpangilio huo ukibonyeza kitufe kamera haipigi, inakaa inasubiri. Ikiona mtu ametabasamu, inapiga yenyewe. Ikikosa meno, inanyamaza. Kwa hiyo mimi niliielekeza kwenye vilio siku nzima, nikibonyeza kwa unyenyekevu, na yenyewe ilikuwa inasubiri mtu acheke.

Na watu walicheka, kwa sababu walikuwepo watani, na wewe unajua msiba usio na watani ni kama mboga isiyo na chumvi. Mtani wa ule ukoo ni mzee Lyamba, mfupi, ana sauti ya debe. Alivaa gauni la marehemu na kilemba chake, akaingia kaburini kabla ya kila mtu, akalala humo akasema, "Hapa pananienea. Bibi mtafutieni chumba kingine." Akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Alipopewa akatoka, akaketi ukingoni, akaanza kuigiza sauti ya marehemu akimwita mke wa bosi, mama Imakulata, ambaye ndiye alimuuguza yule bibi mpaka mwisho, akimwogesha, akimgeuza, akimlisha: "Imakulata wee! Uji huu umeupika au umeuosha?" Hayo yalikuwa maneno ya marehemu mwenyewe, alikuwa anayasema kila asubuhi. Mama Imakulata akacheka mpaka akainama, na akiwa bado anacheka kile kicheko kikageuka, akapiga magoti, akalia kilio ambacho mimi sijawahi kukisikia, wanawake wakamzunguka wakamshika. Mimi niliona yote kwenye kioo. Kamera imechukua kicheko. Kilio haina.

Nilipozifungua hizo picha nilitamani lile kaburi liwe langu. Hamna chozi hata moja. Wabeba jeneza wanacheka. Katekista Ezekia anatabasamu kama bwana harusi. Bosi mwenyewe meno yote nje, na kitambaa cha kufutia machozi kiko mkononi. Dada yake bosi, mama Theopista, naye yumo, mdomo wazi mpaka jino la mwisho. Lakini iliyo mbaya kuliko zote ni ya mama Imakulata. Kwa kuwa nilivuta sana, Lyamba amebaki nje ya picha, na jeneza, ambalo wakati huo lilikuwa bado liko kule barazani, upande wa pili wa uwanja, lenzi imelisogeza mpaka begani kwake. Ukiitazama utasema ameliegemea na anacheka.

Nikampelekea Fredrick wa steshenari aweke machozi kwa kompyuta. Akaweka. Chozi la katekista lilitoka na ukubwa wa yai la kanga. Nikamwambia toa hilo, tujaribu kwa mama Imakulata, na picha yake ikiwa imejaa kioo kizima, nani anaingia kutoa kopi? Mama Theopista. Akasimama. Akauliza, "Hilo nyuma si jeneza la mama yangu?" Fredrick, Mungu amsamehe, akajibu, "Ndilo, mama, na hapo bado hatujaweka machozi."

Tangu hapo nyumba haina amani. Mama Theopista anasema utani wa Lyamba uliisha jeneza likiwa bado barazani, yeye alikuwepo, kwa hiyo kama kwenye picha jeneza liko begani kwa wifi yake, basi wifi alikuwa anacheka wakati mama anashushwa, na mke anayemchekelea mkwe wake kaburini huyo alikuwa anamsubiri afe. Bosi haongei na mkewe. Jumamosi wanaanua tanga kule kule Mwese, ukoo mzima utaketi, na mama Theopista ameshasema hadharani kwamba siku hiyo Imakulata akaage.

Bosi ananidai picha kila asubuhi. Nimemwambia zinasafishwa. Akaniambia, "Zinasafishwa kwa sabuni gani, wewe? Ya mche?" Jumamosi anataka zote, pamoja na kamera.

Nimefikiria kuzifuta. Nimefikiria kusema memori kadi imeungua. Nimefikiria kuumwa malaria ya ghafla. Nikisema ukweli itabidi niseme pia kwamba nilijificha kwenye minyaa na kwamba karani mwenye stashahada alidhani kisura kinachocheka ni betri. Nifanye nini, Mama Rosine? Tafadhali jina langu lisitajwe.

Ni mimi,
Karani wa Minyaa, Mpanda

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na nashukuru kamera yako haikuwa hapa. Mara ya pili nilipofika kwa Imakulata nikaacha kucheka. Pole. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa tuzungumze.

Umeniandikia mimi, ambaye hujawahi kuniona. Umemwendea Fredrick, ambaye angempaka machozi hata mbuzi. Mwenye uso hujamwendea. Mama wa watu anasemwa mji mzima kwa picha aliyopigwa na wewe, na wewe unawaza utaugua ugonjwa gani. Weka chini gazeti hili, vaa viatu, nenda kwa mama Imakulata leo. Mpigie hodi, msalimie, mwambie, "Mama, picha nimepiga mimi, na niliona ulivyolia." Umesikia? Anza na hilo la kulia. Huyo mama kwa siku zote hizi ameshaanza kujiuliza kama kweli alilia.

Picha usifute hata moja. Ukizifuta, ile moja iliyoonwa na mama Theopista itabaki kichwani mwake peke yake, na haina wa kuipinga. Memori kadi haijaungua. Malaria usiiite, huwa inaitika. Na yale machozi ya Fredrick yatolewe yote, na la katekista lianze.

Tena nakugombeza kidogo, kwa sababu umeniita Mama. Kamera yako unaijua kuliko unavyojijua mwenyewe. Umenieleza lenzi, umenieleza vigae, umenieleza kitu cha kutuliza mkono, na katikati ya maelezo hayo yote umelitaja jibu ukalipita kama jirani unayemkwepa. Wewe mwenyewe umeandika kwamba lenzi ndiyo iliyolisogeza jeneza. Mama Theopista halijui hilo. Mzee Deusdedit halijui. Katika ukoo wote ule, Jumamosi, mtu mmoja tu ndiye atakayeweza kulieleza, naye yuko kwenye minyaa!

Basi sikiliza. Kesho mapema mtafute mzee Lyamba. Mpelekee picha zote, mweleze kila kitu, usimfiche hata ile ya betri. Najua unaogopa kwamba utamwambia nini dada wa bosi. Hutamwambia kitu. Wewe ukimjibu mama Theopista ni utovu wa adabu, lakini mtani akimjibu ni haki yake, na mama Theopista akikasirika atakuwa amekasirikia utani, jogoo wa faini atamhusu yeye. Watu wa zamani hawakuweka watani misibani ili watuchekeshe tu. Waliwaweka kwa sababu kila msiba una neno ambalo ndugu hawezi kumwambia ndugu yake. Mpe Lyamba kazi yake.

Ila bosi wako umwambie wewe, kabla ya Jumamosi, ukiwa umesimama wima. Nakuandikia maneno uyakariri: "Mzee, kamera ilikuwa kwenye mpangilio wa tabasamu na mimi sikujua. Imewapiga waliocheka tu, na wewe umo. Mama Imakulata alicheka alipoigwa marehemu, halafu akalia, nilimwona. Jeneza lilikuwa barazani. Nitakuonyesha." Kisha funga mdomo. Usiongeze stashahada.

Na umwonyeshe kweli. Jumamosi nenda na kamera, betri iwe imeshiba sawasawa, maana sasa unajua alama yake. Mbele ya ukoo, muombe mama Imakulata asimame pale aliposimama siku ile. Jeneza halipo tena, kwa hiyo weka debe barazani. Mpe kamera mzee Deusdedit mwenyewe, mpeleke mpaka kwenye minyaa yako, mwambie avute. Debe litakuja lenyewe mpaka begani kwa mkewe, naye ataliona kwa macho yake, na hakuna mtu atakayeweza kusema alisogezewa.

Halafu washa kile kisura cha njano. Mwelekezee mama Theopista, kwa adabu, ukimwita shangazi. Atakuwa amenuna, na kamera itanyamaza. Waache watu wasikie inavyonyamaza. Hapo ndipo Lyamba aingie na lile gauni, aulize habari za uji.

Safari hii usizime mlio. Ikilia kachaa, kila mtu atakuwa amejua kwa nini mazishi yote yale yana meno, na mama Theopista atakuwa wa kwanza kujua, kwa sababu yatakuwa yake. Usimcheke. Naye amefiwa na mama, na mtu akikosa wa kumlaumu kwa kifo humlaumu aliyekuwa karibu zaidi na kitanda.

Kuhusu kazi yako: bosi akikufukuza kwa sababu umemrudishia mke wake, ofisi hiyo iachie nyuki. Lakini sidhani. Nadhani ataomba ile picha ya mkewe isafishwe vizuri, bila sabuni, iwekwe kwenye albamu, na chini yake yaandikwe maneno ya marehemu kuhusu uji wake.

Kisha utapiga picha ya ukoo mzima, kwani bado hawana hata moja ambayo mtu anaweza kuitundika ukutani. Wapange kwa mstari, na mama Imakulata umweke katikati. Lenzi usiivute hata kidogo. Sogea wewe.

Mama Rosine